Rangi Ile Ile, Karatasi Tofauti



Wapendwa vijana wenzangu, tafakari ya leo inatoka katika Mfano wa Mpanzi (Mt 13:1-23, Lk 8:4-15). Najua wapo watakaosema, "Frateri, huo tunaujua." Kweli mnaujua. Tumeuigiza tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: mmoja anakuwa ndege, mwingine mwiba, na yule mtulivu kuliko wote anapewa kuwa udongo mzuri. Shida ya Injili tunazozijua sana ni kwamba zinapita masikioni bila kubisha hodi. Kwa hiyo leo naomba tuingie kwa mlango mwingine, mlango wa rangi za maji.

Sisemi zile za kupaka ukutani kwa rola. Nasema zile za kuchorea picha, zinazoyeyushwa kwa maji na kupakwa kwa brashi kwenye karatasi. Nimekuwa nikichora nazo tangu mwaka wa kwanza wa falsafa, na sasa nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji parokiani, kisanduku changu cha rangi kinakaa ndani ya begi pamoja na kitabu cha Masifu. Nikifika kigangoni mapema na katekista bado yuko njiani, nachora. Na katika kuchora huko nimeona kwa macho jambo moja kuhusu neema ya Mungu ambalo darasani nililisoma kwa maneno tu.

Kisanduku kidogo kinatosha

Ukifungua kisanduku cha rangi za safarini utashangaa udogo wake. Ni cha bati, kinaingia kwenye mfuko wa koti. Ndani kuna vidonge vya rangi, kila kimoja ujazo wake ni karibu mililita 2. Changu kina nafasi ya vidonge 12, lakini ninavyovitumia kila mara ni sita: njano, nyekundu, bluu mbili, na rangi mbili za udongo. Ongeza brashi moja, chupa ndogo ya maji na kitambaa cha kufutia. Kifuniko chenyewe ndiyo sahani ya kuchanganyia. Basi.

Na kidonge chenyewe ni nini? Ni unga wa rangi uliosagwa laini sana, ukashikamanishwa kwa gundi ya mti wa jamii ya migunga, gundi ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan. Wengine huongeza asali au gliserini kidogo ili kidonge kisiwe kigumu kama jiwe. Kikiwa kikavu hakifanyi lolote. Kidondoshee tone la maji, kinaamka.

Kwa vitu vidogo hivi watu wamekwenda mbali. Karibu mwaka 1495, mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, akiwa safarini kati ya nchi yake na Italia, alichora kwa rangi za maji milima ya Alps na ngome alizopita. Zaidi ya miaka 500 imepita na picha hizo bado zipo, zinatazamwa.

Sasa tumkumbuke Bwana Yesu alipowatuma wale Kumi na Wawili (Lk 9:3). Hakuwapa orodha ya vya kununua. Aliwaambia wasibebe fimbo, wala mkoba, wala mkate, wala fedha, wala kanzu ya kubadilisha. Sisi vijana tuna wimbo wetu tofauti: "Ningekuwa na sauti kama ya fulani ningeimba kwaya. Ningekuwa na simu nzuri ningeinjilisha mtandaoni. Ningejua kuongea ningesimama mbele za watu." Jamani, njano, nyekundu na bluu tu zinazaa kijani cha mgomba, zambarau ya jioni na kahawia ya barabara ya vumbi. Katika Ubatizo na Kipaimara umeshapewa imani, matumaini, mapendo, na mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Kisanduku chako hakina upungufu. Kama picha haitoki, tutazame mahali pengine.

Anza na karatasi

Mwulize mchoraji mzoefu wa rangi za maji, "Nina hela kidogo, ninunue kipi kizuri kwanza: rangi, brashi au karatasi?" Wengi watakujibu bila kusita: karatasi. Mtu wa nje anashangaa, maana karatasi tunaiona kama kitu cha kukaa chini na kunyamaza. Lakini rangi za kawaida kwenye karatasi nzuri zitakupa picha. Rangi za bei mbaya kwenye karatasi mbovu zitakupa hasira.

Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, nilikaa na vijana kama wanane wa VIWAWA chini ya mwembe. Nikapanga karatasi nne kwenye benchi. Rangi moja, bluu. Brashi moja. Maji ya chupa moja. Nikawaambia wapake mstari mpana kwenye kila karatasi, watazame.

Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa kalenda ya zamani, ile karatasi inayong'aa. Rangi ilijikusanya matone matone kama maji kwenye jani la gimbi. Kijana mmoja aliinua karatasi, matone yakateleza yote mchangani. Hakuna kilichobaki.

Ya pili ilikuwa karatasi ya fotokopi, ile ya gramu 80. Hii iliipokea rangi mara moja, na ilipendeza, wakashangilia. Dakika mbili baadaye karatasi ikaanza kufanya mawimbi. Maji yakatuama kwenye mabonde, na brashi ilipopita mara ya pili juu yake, ikaanza kutoka vipunje na kuchubuka.

Ya tatu ilikuwa manila iliyowahi kuwa tangazo, imejaa maandishi ya maka peni. Karatasi yenyewe haikuwa mbaya. Rangi ilishika. Lakini kati ya tarehe, namba za simu na mishale, bluu ile hukuweza kuiona. Haikukataliwa, ilikosa nafasi.

Ya nne ilikuwa karatasi ya pamba, gramu 300 kwa mita moja ya mraba, nene kama kadi ya harusi. Hapa rangi haikukimbia wala haikuzama. Ilikaa juu, mbichi, ikisambaa polepole, ikaenda ulipoielekeza. Ilipokauka, bluu ile ile ikawa anga.

Sikuhitaji kueleza. Binti mmoja alisema taratibu, "Kumbe ndiyo yule Mpanzi." Ndiyo. Mpanzi ni yule yule, mbegu ni ile ile.

Wanafalsafa wanaomfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino wana kanuni moja niliyoipenda tangu siku ya kwanza: kinachopokelewa hupokelewa kwa kadiri ya yule anayekipokea. Chota maji ya kisima kimoja kwa mtungi, kwa ndoo na kwa kiganja. Maji ni yale yale, vyombo ndivyo vinavyoamua kiasi na muda. Na Kanisa linatufundisha jambo linalofanana na hilo kuhusu sakramenti. Sakramenti hutenda kwa nguvu ya Kristo mwenyewe, siyo kwa utakatifu wa padre anayeiadhimisha. Lakini matunda yake ndani yetu hutegemea pia jinsi tulivyojiandaa kuipokea. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kutoka Misa moja, wamepokea Mwili ule ule wa Bwana, mmoja akaenda kupatana na ndugu yake, mwingine akaendeleza ugomvi getini pa kanisa.

"Je, kama mimi ndiyo ile ya fotokopi?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza dada mwingine pale pale chini ya mwembe, na ndilo lililonifanya niandike tafakari hii. Alisema, "Frateri, mimi nikienda mafungo nalia, naahidi, narudi nyumbani nikiwa mtu mpya. Wiki mbili tu, nipo kule kule. Imetokea mara nyingi mpaka nimechoka kuahidi. Labda Mungu aliniumba hivyo, karatasi nyembamba." Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja pale alikuwa anajibu moyoni.

Ndugu yangu, kama nawe umewahi kujisemea hivyo, sikiliza vizuri: karatasi haizaliwi. Karatasi inatengenezwa.

Na inatengenezwa kwa nini? Kwa karne nyingi huko Ulaya karatasi ilitengenezwa kwa matambara. Nguo kuukuu za kitani na pamba zilikusanywa, zikalowekwa, zikapondwa kwa nyundo zilizoendeshwa na nguvu ya mto mpaka zikawa uji. Mafundi wa mji wa Fabriano, Italia, walikuwa wanafanya kazi hiyo tangu karne ya 13. Na huko Arches, Ufaransa, kinu cha karatasi kilianza mwaka 1492. Majina hayo mawili wachoraji wa rangi za maji wanayaheshimu hadi leo. Uji ule ulichujwa, ukakandamizwa, ukakaushwa, kisha karatasi ikachovywa kwenye gelatini iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Bila gelatini karatasi inainywa rangi kama tishu. Yenye gelatini inaishikilia rangi juu kwa muda, ili itulie na kushika vizuri.

Yaani karatasi ile bora, ambayo mchoraji anaigusa kwa heshima, ilianza kama shati lililochakaa kiasi cha kutovaliwa tena.

Bwana wetu alipotaja njia, mwamba, miiba na udongo mzuri, hakuwa anatangaza makabila manne ya watu, kwamba wewe umezaliwa kabila la mwamba ufie humo. Njia ilikuwa udongo pia, ila imekanyagwa na kila mpita njia. Nabii Ezekieli (Eze 36:26) alipeleka ahadi ya Mungu kwamba atauondoa moyo wa jiwe na kuweka moyo wa nyama mahali pake. Mungu huyo bado anafanya kazi kiwandani kwake.

Na tuseme ukweli mwingine. Wapo kati yetu waliofanywa wembamba na wengine: maneno ya nyumbani, kuachwa, umaskini, jambo ambalo hawajawahi kumwambia mtu. Kwao nasema, Bwana anajua karatasi yako ilichanwa wapi, wala hakucheki. Tofauti ni moja tu: tambara halina hiari, wewe unayo. Huwezi kujitengeneza mwenyewe, lakini unaweza kukubali kutengenezwa. Vipi? Karatasi inatufundisha mambo matatu.

*La kwanza, kubali kubanwa ubaoni.* Wachoraji wana mbinu ya zamani. Karatasi isiyo nene sana wanailoweka kwenye maji ikiwa bado tupu, wanaibandika ubaoni kwa gundi pande zote nne, kisha wanaiacha ikauke. Ikikauka inakaza kama ngoma. Baada ya hapo hata ukiimwagia maji mengi, haifanyi mawimbi kama mwanzo. Ubao wako ni ratiba: saa maalumu ya kusali, kitubio cha kila mwezi hata kama hujisikii, jumuiya yako, padre au mlezi mmoja anayejua maisha yako kweli. Tunadhani ratiba inazima moto wa Roho. Hapana. Ubao hauiadhibu karatasi. Unaishika wakati maji yanakuja. Na anza kubanwa leo ukiwa mkavu, usisubiri siku ya majaribu.

*La pili, tia gelatini, yaani kimya.* Neno la Mungu linahitaji kukaa kidogo juu ya moyo kabla halijazama. Mama Maria aliyaweka mambo yote moyoni mwake na kuyatafakari (Lk 2:19). Sisi tukitoka kupokea Ekaristi, wimbo wa shukrani haujaisha, mkono uko mfukoni kwenye simu. Naomba zoezi dogo wiki hii: dakika tano baada ya Komunyo, na dakika kumi asubuhi kabla hujawasha bando. Chukua sentensi moja ya Injili ya siku, ikae.

*La tatu, subiri ikauke.* Hapa namjibu yule dada moja kwa moja. Ukipaka rangi ya maji, ikiwa mbichi inang'aa, imekolea, unajisifu. Ikikauka inafifia kidogo. Ni tabia yake. Anayeijua hashtuki wala haichani picha. Anaacha ikauke kabisa, kisha anapaka tabaka la pili, na la tatu. Asiyeijua anaona imefifia, anaanza kupaka juu ya ubichi, na picha inakuwa tope.

Machozi ya mafungo ni rangi mbichi. Yakikauka baada ya wiki mbili, usiseme imani imekwisha. Imekauka, ipo karatasini, imefifia tu kama kila rangi ya maji inavyofifia. Sasa ni wakati wa tabaka la pili: kitubio kingine, Misa nyingine, ahadi ndogo ya leo. Luka anaposimulia mfano huu anaongeza neno ambalo tunalipita haraka: wale wa udongo mzuri huzaa matunda kwa uvumilivu (Lk 8:15). Hakusema kwa msisimko. Na kwa sababu hiyo hiyo, usifanye maamuzi ya maisha yote ukiwa mbichi. Kuingia utawani, kuvunja uchumba, kuacha chuo: subiri ikauke, zungumza na mtu, halafu amua.

Mwanga unatoka chini

Namalizia na jambo linalonishangaza kila ninapochora. Katika uchoraji wa asili wa rangi za maji, mchoraji hapaki rangi nyeupe. Weupe wa wingu, wa kanzu ya altareni, wa nuru kwenye jicho la mtoto, ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kupakwa. Hata palipopakwa, mwanga unapenya rangi, unaigonga karatasi, unarudi kwetu. Karatasi inayopokea ndiyo hiyo hiyo inayong'aa. Ukipaka rangi nzito kila mahali ili watu waone juhudi yako, umeuziba mwanga.

Bwana anataka nuru yetu iangaze mbele ya watu ili wamtukuze Baba (Mt 5:14-16). Wamtukuze Baba, siyo wasifu rangi zetu. Kijana Mkatoliki aliyejaza kila saa kwa shughuli, hata shughuli za kanisa, kamati juu ya kamati, kisha hana Dominika ya kupumzika wala nusu saa mbele ya Ekaristi, amepaka ukurasa mzima. Acha nafasi nyeupe. Hapo ndipo Mungu anapoonekana.

Tumtazame Mama Maria. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimvika bluu ya gharama kuliko zote, iliyosagwa kutoka jiwe la lazuli la Badakhshan, Afghanistan. Thamani yake ilishindana na dhahabu. Miaka ya 1820 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet akagundua namna ya kuitengeneza kiwandani, na leo bluu hiyo ipo karibu katika kila kisanduku, hata changu. Ilikuwa halali kumpa Mama rangi bora. Lakini Malaika Gabrieli hakumkuta na vazi la lazuli. Alimkuta binti wa Nazareti, kijiji ambacho watu walikidharau, mwenye moyo mweupe usio na doa. Mungu alihitaji apokee tu, naye akapokea, na Neno akafanyika mwili.

Tuombe.

Ee Baba, wewe unayetengeneza vipya kutoka vilivyochakaa, tunakuletea mioyo yetu kama ilivyo: mingine imekanyagwa, mingine ni myembamba, mingine imejaa maandishi. Tuloweke katika neema ya Ubatizo wetu, tubane katika upendo wako, tupe uvumilivu wa kukauka mikononi mwako. Utuachie nafasi nyeupe ambayo hatutaijaza sisi. Na watu wakitutazama, waone mwanga wako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Maria, uliyepokea na kutunza, utuombee.

Wenu katika Kristo,
Frateri